Fundi wa Friji: Majibu kwa madai tisa yanayotuzuia kwenda kwa mshauri nasaha

Kwa miezi saba namba ya mshauri nasaha ilikaa kwenye simu yangu kwa jina la "Fundi wa Friji". Niliiandika hivyo ili mke wangu asiulize, na ili wanangu wakichezea simu wasione. Namba yenyewe nilipewa na mwalimu mwenzangu aliyenikuta nyuma ya maktaba ya shule, nimeegemea ukuta, jasho linanitiririka, nikiamini kwamba nakata roho.

Haikuwa mara ya kwanza. Mambo yalianzia kwenye feri ya Likoni, Mombasa, asubuhi moja ya mwaka 2022, miezi michache baada ya kumzika baba. Tulikuwa katikati ya maji, umati umenibana, mkoba wa madaftari begani. Ghafla moyo ukaanza kwenda mbio. Vidole vikafa ganzi. Pumzi nikawa naivuta na haifiki chini. Nikajiambia: ndiyo basi, namfuata baba. Feri ilipogusa upande wa kisiwani yote yakapoa, nikabaki nimelowa shati kama niliyenyeshewa na mvua.

Katika miezi ile saba nilikuwa na sababu tisa za kutompigia yule fundi. Nyingine nilipewa na watu wanaonipenda, nyingine nilijitungia mwenyewe. Kila moja ina chembe ya kweli ndani yake, na chembe hiyo ndiyo inayoifanya ishike. Nazijibu hapa moja baada ya nyingine, kwa sababu najua kuna anayesoma haya akiwa na namba kama ile kwenye simu yake.

Dai la kwanza: "Huko huenda wendawazimu"

Kenya tumeligeuza jina la Mathari kuwa tusi. Hospitali hiyo ilifunguliwa Nairobi mwaka 1910, enzi za ukoloni, na kizazi baada ya kizazi tumerithi picha moja tu ya maradhi ya akili: geti, kuta na mtu anayezungumza peke yake. Picha hiyo inawadhulumu wagonjwa wa Mathari, ambao ni wagonjwa kama wa wodi nyingine yoyote na hawastahili aibu. Pia inatudanganya sisi wengine.

Wengi wanaokaa mbele ya mshauri nasaha ni watu walioamka asubuhi, wakapika chai, wakapeleka watoto shule, wakafika kazini. Kuna mjane asiyelala usiku. Kuna mume na mke waliochoka kugombana. Kuna kijana anayeogopa mtihani hadi anatapika. Tena kazi hizi zimegawanyika. Daktari wa magonjwa ya akili amesomea udaktari na anaweza kukuandikia dawa. Mwanasaikolojia hupima na kutibu kwa mazungumzo na mazoezi. Mshauri nasaha hukusaidia kuvuka jambo lililokukwamisha. Kwenda kwa mmoja wao hakukubandiki jina lolote, kama vile kwenda kwa daktari wa meno hakukufanyi kibogoyo.

Dai la pili: "Mwanamume hujikaza kisabuni"

Haya ni maneno ya ami yangu, siku ya hitima ya baba. "Mwanangu, wewe sasa ndiye mkubwa. Jikaze kisabuni." Aliyasema kwa mapenzi, mkono wake begani mwangu, na siku ile yalinifaa. Kuna saa ambapo kujikaza ni wajibu: maiti inataka kuoshwa, wageni wanataka kupokewa, deni la hospitali linataka kulipwa.

Lakini hebu itazame sabuni yenyewe. Kipande kikilowa, kadiri unavyokikaza ndivyo kinavyokuponyoka. Na hata kisipokuponyoka, kila siku kinapungua. Mimi nilijikaza miezi mingi. Nilichovuna ni kuwafokea wanafunzi kwa makosa madogo, na kulala saa tatu kwa usiku. Nguvu za mwanamume zisiponifikisha darasani salama, zimebaki za kuonyesha watu tu.

Dai la tatu: "Hayo ni mambo ya Wazungu"

Ni kweli kwamba vitabu vingi vya saikolojia vimeandikwa Ulaya na Marekani, na mshauri anayenakili kila kitu bila kujua ukoo wetu ulivyo anaweza kumpotosha mtu. Ila ukisema Mwafrika hatibiki kwa mazungumzo, yako yaliyofanyika jirani tu yanayokukanusha.

Nchini Uganda, katika wilaya za Masaka na Rakai, watafiti waliingia vijijini wakaanza kwa kuwauliza wenyeji: huzuni inayomwangusha mtu mnaiitaje, na mnaijuaje? Walipopata majina ya Kiganda, ndipo wakaunda vikundi. Walioviongoza hawakuwa madaktari. Walikuwa wenyeji, wakisema lugha ya wenzao, waliopewa mafunzo ya wiki mbili. Vikundi vilikutana mara moja kwa wiki, dakika 90, kwa wiki 16, na vilishirikisha nusu ya vijiji 30. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003. Kabla ya kuanza, watu 86 kati ya kila 100 walioingia kwenye vikundi walikuwa na dalili kamili za sonona. Baada ya wiki zile, walibaki chini ya 7 kati ya 100. Katika vijiji ambavyo havikupata vikundi, waliobaki nayo walikuwa karibu 55 kati ya 100.

Zimbabwe nako, tangu mwaka 2006, daktari Dixon Chibanda amewafundisha nyanya wa mitaani kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza wenye kile ambacho Washona huita *kufungisisa*, yaani kuwaza kupita kiasi. Sisi husema "ana mawazo". Neno hilo tunalo tangu zamani, na kila anayelisikia anajua si fikra za kawaida. Maradhi tunayajua kwa Kiswahili. Kwa nini tiba yake tuione ngeni?

Dai la nne: "Swala inatosha"

Dai hili silijibu nikiwa nje ya msikiti. Naswali, na kuna usiku ambapo sijda ndiyo iliyonifikisha alfajiri. Mwenye kusema dua inatuliza moyo amesema kweli.

Swali ni kama dua inazuia tiba. Mwenye kisukari huswali na huchoma sindano yake, na hakuna anayemwambia imani yake ina doa. Basi kwa nini moyo unaokosa usingizi uambiwe kwamba ungeamini zaidi ungelala? Karne ya kumi, mwanachuoni wa Kiislamu Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kizima juu ya afya ya mwili na afya ya nafsi. Alisema nafsi huugua kama mwili unavyougua. Akaeleza maradhi yake: hasira, hofu, huzuni, na zile fikra zisizokoma ambazo jina lake la Kiarabu ndilo lililotupa neno letu *wasiwasi*. Akatofautisha huzuni ambayo sababu yake inajulikana na ile isiyojulikana chanzo. Akashauri kwamba, kama mtu mwenye afya anavyoweka dawa nyumbani kabla ya kuugua, ajiwekee fikra njema wakati ametulia, ili azitumie shida ikija. Huyu alikuwa mtu wa dini, akiwaandikia watu wa dini, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita.

Imamu wa mtaa wetu nilipomweleza hatimaye, alinijibu kwa neno moja: "Nenda." Kisha akaniambia wako wengine aliowaambia hivyo hivyo. Sikuwa nimetarajia.

Dai la tano: "Nina ndugu na marafiki. Kwa nini nimlipe mtu nizungumze naye?"

Dai hili ndilo lililonichelewesha zaidi, kwa hiyo nitakaa nalo.

Ndugu na marafiki hawana mbadala. Mtu asiye na wa kunywa naye kahawa ana upungufu ambao mshauri hawezi kuuziba. Lakini nilikuwa na jambo moja ambalo sikuweza kumwambia yeyote kati yao. Siku tatu kabla ya kufa, baba aliomba arudishwe nyumbani. Mimi ndiye niliyesema abaki hospitalini. Ningemwambia nani? Mama? Ndugu zangu? Ami? Kila niliyemwamini alikuwa mfiwa kama mimi, na neno langu lingemwongezea kidonda. Nilihitaji sikio lisilokuwa na msiba ule.

Halafu kuna suala la ujuzi. Watu hudhani tiba ya mazungumzo ni kuzungumza tu, kama barazani. Nitaeleza kilichofanyika kwangu ili uamue mwenyewe.

Chumba kilikuwa kidogo, ghorofa ya pili, feni inazunguka polepole, viti viwili na meza yenye karatasi. Mshauri wangu, mama mmoja, aliniomba nimsimulie safari ya mwisho ya feri, dakika kwa dakika. Akachukua karatasi akachora duara. Juu akaandika: *moyo unadunda*. Pembeni: *"nakufa"*. Chini: *hofu*. Kisha mshale ukarudi juu: *moyo unadunda zaidi*. Akaniambia, "Mwili wako una kengele ya hatari. Kengele ni nzima, ila inalia pasipo moto. Nawe kila ikilia unakimbia, kwa hiyo hujawahi kukaa uone kwamba inanyamaza yenyewe."

Kisha akanisimamisha, akaniambia nikimbie pale pale nilipo kwa dakika moja. Nikakimbia. Moyo ukadunda kama ule wa kwenye feri, pumzi zikawa fupi, kichwa kikawa chepesi. Akaniambia nikae nisifanye lolote, nisinywe maji, nihesabu tu. Dakika ya tatu mwili ukatulia. Kwa mara ya kwanza tangu mwaka uliotangulia, moyo ulinienda mbio bila mimi kuamini kwamba nakufa.

Tukapanga ngazi. Jumapili alasiri, feri ikiwa na watu wachache, na mke wangu ubavuni. Hapo ndipo ilinibidi nimweleze, na alilia kwamba nilimficha. Kisha Jumapili nyingine, peke yangu. Kisha asubuhi ya kazi, nikisimama karibu na ukingo. Kisha asubuhi ya kazi, katikati ya umati, bila ile chupa ya maji niliyoigeuza hirizi. Baada ya kila safari niliandika kwenye daftari: hofu ilifika ngapi kati ya 10, na ilichukua dakika ngapi kushuka. Rafiki yangu wa dhati asingeniagiza hivyo. Angeniambia, "Basi usipande feri," na angesema kwa huruma, na huruma hiyo ingenifunga.

Suala la baba tulilifikia kikao cha tano. Hapo hapakuwa na zoezi. Palikuwa na mtu aliyenisikiliza hadi mwisho bila kuniambia "ni mapenzi ya Mungu" kabla sijamaliza sentensi.

Dai la sita: "Siri zitatoka"

Siri ya mtungi aijuaye kata, na Mombasa ni mji wa makata mengi. Ukiingia jengo fulani Tudor, jioni habari iko Kongowea. Hofu hii ina mashiko. Yako mambo matatu yanayoipunguza.

La kwanza ni sheria. Kenya ina Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, inayotaka wanaofanya kazi hii wasajiliwe na wapate leseni. Anayevujisha siri ya mteja anaweka kazi yake hatarini. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 nayo inaihesabu habari ya afya ya mtu kuwa taarifa nyeti.

La pili ni kuuliza mapema. Kikao cha kwanza mwambie: "Nieleze ni lini utalazimika kusema niliyokuambia." Mtaalamu wa kweli hatakwepa. Atakueleza mipaka: ukiwa katika hatari ya kujidhuru au kumdhuru mtu, mtoto akiwa anadhulumiwa, au mahakama ikiamuru. Pia muulize madaftari yake huyaweka wapi.

La tatu ni kuchagua. Si lazima awe wa mtaa wako, wa kabila lako au wa msikiti wako. Wengi siku hizi huhudumia kwa simu au kwa video. Mwenzangu mmoja kutoka Lamu hukaa ndani ya gari lake, vioo juu, akizungumza na mtaalamu aliye Nairobi. Na ukikutana na mshauri wako sokoni, desturi ya kazi ni kwamba hakusalimu mpaka umsalimu wewe.

Dai la saba: "Ni anasa ya matajiri"

Hapa sitazunguka. Kikao changu kilikuwa shilingi 3,000. Wako wanaotoza chini ya hapo na wako wanaotoza maradufu. Kwa mtu anayelisha watoto kwa kibarua cha kutwa, bei hiyo ni chakula cha siku kadhaa, na anayemwambia "jipende, wekeza kwa afya yako" hajui njaa. Kwa mtu huyo huduma ya kibinafsi haifai kuwa hatua ya kwanza, na nitasema aende wapi.

Lakini mimi mwenye mshahara niliyesema "sina pesa hizo" nilipaswa kwanza kuhesabu zilizokwisha kwenda. Kabla ya kumpigia simu mshauri nilikuwa nimepimwa moyo mara mbili, shilingi 5,000. Nilikuwa nimemezeshwa kamera ya tumbo, 18,000. Damu na malaria mara tano, 6,000. Dawa za vidonda vya tumbo ambavyo kamera haikuviona, 12,000. Jumla 41,000. Kliniki niliyokuwa nikienda haikuniuliza hata mara moja kama nalala, au kama nimefiwa. Vikao vyangu tisa viligharimu 27,000.

Nisieleweke vibaya: kupimwa kwanza ni sawa. Moyo, tezi ya shingoni na upungufu wa damu vinaweza kuleta dalili kama zangu, na daktari lazima avitoe njiani. Kosa ni kurudia kipimo kile kile mara ya nne kwa sababu tu jibu la kwanza halikukupendeza.

Sasa, kama pesa hazipo. Anza na hospitali ya umma. Port Reitz hapa Mombasa ina kitengo cha afya ya akili, na Mathari ina kliniki za wagonjwa wanaokwenda na kurudi nyumbani. Uliza vyuo vikuu vinavyofundisha ushauri nasaha, maana wanafunzi walio mwishoni mwa masomo mara nyingi huhudumia kwa bei ndogo chini ya usimamizi. Muulize mshauri wa kibinafsi waziwazi kama ana bei ya wenye kipato kidogo. Wengi wanayo ila hawaitangazi. Ukianza, ongea naye juu ya kuachanisha vikao: mimi vinne vya mwanzo vilikuwa kila wiki, vilivyobaki kila wiki mbili. Ikiwa una bima, soma mkataba wako kisha uwapigie, kwani Sheria ya Afya ya Akili ilivyofanyiwa marekebisho mwaka 2022 inazikataza kampuni za bima kumbagua mtu kwa sababu ya ugonjwa wa akili. Na laini ya 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya hupigwa bure.

Yapo pia maradhi ambayo hospitali kubwa inayafaa kuliko ofisi ya mshauri, hata ukiwa na pesa. Mtu anayesikia sauti, aliyepotewa na ukweli wa mambo, aliyekosa usingizi siku kadhaa huku akiwa na nguvu za ajabu, au mlevi anayetetemeka asipokunywa, huyo anahitaji daktari na dawa kwanza. Faida ya huduma ya kibinafsi ni nyingine: hungoji miezi, unamkuta mtu yule yule kila mara, unachagua mwanamume au mwanamke, unakwenda jioni baada ya kazi. Ukizihitaji faida hizo na unazimudu, zilipie bila kuona haya.

Dai la nane: "Wengi ni matapeli, na ukianza huachiliwi"

Nusu ya kwanza sitaipinga moja kwa moja, kwa sababu wa kwanza niliyekwenda kwake hakunifaa. Alipokea simu mara mbili ndani ya saa yangu, akanisimulia mambo ya mteja mwingine, kisha akanitaka nilipie vikao 20 kwa pamoja. Niliondoka nikiwa na sababu mpya ya kutorudi kwa yeyote. Kinyozi akikukata vibaya, hata hivyo, huziachi nywele zikue hadi mgongoni. Unabadilisha kinyozi.

Kabla ya kulipa, uliza maswali manne. Umesajiliwa na nani, na leseni yako ya mwaka huu naweza kuiona? Shida kama yangu umeitibu mara ngapi, na kwa njia gani? Tutajuaje kwamba napata nafuu? Kwa makadirio, vikao vingapi? Anayekasirika kwa maswali haya amekujibu. Kimbia pia anayekuhakikishia utapona, anayekuuzia dawa za unga, anayekulazimisha imani yake, anayekutongoza, au anayekuambia uwakate ndugu zako ili umsikilize yeye.

Na hofu ya kutoachiliwa? Kwa hofu za ghafla kama zangu, mwongozo wa tiba unaofuatwa Uingereza unapendekeza jumla ya saa 7 hadi 14. Yale majeraha ya utotoni au ndoa iliyoharibika huchukua muda mrefu zaidi, lakini hata huko lazima kuwe na shabaha. Ukifika kikao cha nne, simama uhesabu. Usingizi umeongezeka? Unafanya ulichokuwa umeacha? Kama hakuna kilichosogea, mwambie. Mshauri mzuri atabadilisha njia au atakuelekeza kwa mwingine. Tiba hii haimponyi kila mtu, na anayesema inaponya wote anauza kitu. Ila ni jambo unaloweza kulijaribu, kulipima na kuliacha. Mlango haufungwi nyuma yako.

Dai la tisa: "Subiri, litapita"

Mengi hupita kweli. Huzuni ya msiba si ugonjwa. Mtu aliyefiwa akilia wiki nzima ana haki yake, na hahitaji mtaalamu ila watu wa kukaa naye na sufuria ya uji. Kuachwa na mchumba, kufeli mtihani, kufukuzwa kazi, vyote huuma, na wengi huviponya kwa siku, kwa kazi na kwa watu.

Basi tutofautishe vipi? Wataalamu hutumia kipimo cha wiki mbili kwa sonona: karibu kila siku, kwa wiki mbili au zaidi, moyo mzito au kukosa raha na yote uliyoyapenda, pamoja na mabadiliko ya usingizi, chakula, nguvu au makini. Mimi naongeza swali la nyumbani: kuna jambo ulilokuwa ukilifanya mwaka jana ambalo sasa unalikwepa, na kila mwezi unakwepa lingine? Kwangu ilianza feri ya asubuhi, ikaja feri yoyote, kisha msikiti siku ya Ijumaa, kisha darasa. Ukiona maisha yako yanapungua hivyo, usingoje. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Na kama yamekujia mawazo ya kujiua, hapo hakuna kusubiri hata wiki. Mwambie mtu leo, piga simu leo, nenda hospitali leo. Kwa miaka mingi Wakenya waliookolewa baada ya kujaribu kujiua waliogopa kusema, kwa sababu kifungu cha 226 cha Kanuni za Adhabu kilifanya jaribio hilo kuwa kosa la jinai. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Kuomba msaada hakupaswi kukufanya uogope polisi.

Dai hili la kusubiri ndilo linaloyabeba mengine yote. Mwenye kusema ni ghali, mwenye kusema siri zitatoka, mwenye kusema swala inatosha, mwishoni wote tunafanya jambo moja: tunaahirisha. Mimi niliahirisha miezi saba. Mtaalamu hakunipa maisha mapya. Alinirudishia feri, usingizi na uwezo wa kumtaja baba bila koo kufunga. Hayo ningeweza kuyapata miezi saba mapema, na wanafunzi niliowafokea bure wangekuwa na mwalimu wao.

Mwezi uliopita kijana mmoja jirani yangu, dereva wa tuktuk, alinieleza kwamba anaposimama kwenye foleni moyo humwenda mbio hadi hushuka akaacha abiria. Nilimpa ile namba. Nilimwona akiandika jina polepole kwa kidole gumba, ameigeuza simu upande nisione. Nilimwambia: mwandike fundi, mwandike Hamisi wa mitungi, mwandike jina lolote utakalo. Ila mpigie kabla ya Ijumaa.

Alhamisi usiku akanitumia ujumbe. Amepata nafasi, Jumanne saa kumi na moja jioni.